Mchwa Wasiokula Mbao

Toronto, 17 Septemba 2023

Dada yangu Benedicta,

Zipokee salamu hizi kutoka ghorofa ya kumi na nne, huku Kingsview Village, ambako ndugu yako anaamka kila siku kutazama matumbo ya ndege zikishuka uwanjani. Marubani wote wa dunia wananijua kwa sura. Sisi wazima. Mke wangu Sabine anakusalimia kwa kile Kiswahili chake cha Bukavu, nusu sala nusu Kifaransa. Ella wetu ametimiza miaka kumi na moja. Ukimwambia "njoo ule" anakuja mbio, ukimwuliza ameshiba anakujibu Kiingereza. Baba hajambo? Mwambie nimeandika kwa kalamu ya wino, kama anavyotaka. Najua msimamo wake: simu ni ya kuulizia mbolea, mambo ya ukoo ni ya karatasi.

Sasa kaa vizuri, maana ndugu yako amepanda cheo. Mimi niliyeishia kidato cha pili, ambaye mwalimu alisema nitakuwa mzigo wa kata, leo namlea mheshimiwa! Mbunge mstaafu, Dada. Alikaa Bunge la London miaka kumi na tisa. Jina lake Bwana Emrys Pugh, ana miaka tisini na moja, mtu wa Wales. Usimwite Mwingereza. Mimi nilimwita hivyo siku ya kwanza akagoma kula uji. Anaishi kwa binti yake, katika mji wa Pickering, na mimi naenda kwa treni siku tano kwa wiki kumwogesha, kumlisha na kumshinda katika mabishano ya siasa. Kwa ufupi mimi ndiye waziri wake wa mambo ya ndani.

Nyumba yake imejaa makaratasi ya kale. Wasia wa wakulima, mashairi, mahubiri, majina ya watoto waliobatizwa kabla babu wa babu hajazaliwa, yote kwa lugha yao. Amekusanya miaka sitini. Na chini ya kila karatasi ameandika kwa penseli: imetoka kwa fulani, siku fulani. Ungemwona ungesema ni Baba aliyepakwa chokaa.

Lile uliloniuliza mwezi wa sita nimelisoma. Lakini ona, karatasi imefika mwisho.

Ndugu yako,
Januari

(Nimepata kona hapa. Mwambie Baba namkumbuka. Hilo tu.)


Mbinga, 29 Oktoba 2023

Mdogo wangu Januari,

Barua imefika kwa mkono wa jirani yetu Yusuph, imekunjwa kama chapati, lakini imefika. Tunamshukuru Mungu tunaamka. Mvua bado. Kahawa ya mwaka huu ilikuwa nzuri, tumemaliza kuanika. Binti yangu mkubwa ameposwa Kigonsera, hayo nitakuandikia siku nyingine.

Nimemsomea Baba barua yako neno kwa neno. Kwenye uji alicheka. Kwenye "Baba aliyepakwa chokaa" alisema, "Ameandika hivyo?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Soma mbele."

Sasa nisikilize, maana naona unakimbia. Ugonjwa wa Baba ni presha ya macho. Jicho la kushoto limeshazima, la kulia daktari amesema halitafika mbali, na halirudi likienda. Baba hakulalamika. Siku ya pili alichukua fimbo akaanza kuzunguka vigango vya parokia, nyumba hadi nyumba, kama alivyokuwa akitafuta kura. Watu wanatoka, "Karibu Diwani, umerudi kugombea?" Yeye anawaambia, "Sigombei. Kuna mwenye karatasi yangu ya zamani?"

Anautafuta wasifu wa Mama.

Nilimwambia, "Baba, si uliuandika mwenyewe, basi nitamkie mimi niuandike upya." Unajua ameandika wasifu wa kila marehemu wa kata hii miaka thelathini, akausoma makaburini, akaweka nakala sandukuni, na chini yake akaandika umetoka wapi. Nilidhani hilo ni jepesi kwake. Akanijibu: "Ule niliuandika asubuhi ya mazishi, mke wangu akiwa bado yumo ndani ya nyumba. Sasa hivi nitaandika nini? Nitaandika wasifu wa mtu aliyeondoka." Kuna sentensi moja anaitafuta hajaipata. Anaanza, "Marehemu alikuwa na tabia ya..." halafu anaishia hapo, na mimi najifanya nachambua mchele.

Anataka kuusikia kabla jicho halijafunga, ili ajue kwamba ni mwandiko wake.

Amesema, "Muulize Januari. Ndiye aliyeona mara ya mwisho lile sanduku likiwa na kitu." Basi nakuuliza kwa mara ya pili. Sanduku lenyewe lipo, naweka mablanketi. Karatasi ziliishaje?

Dada yako,
Benedicta


Toronto, 3 Desemba 2023

Dada mpendwa,

Theluji imetuangukia juzi. Watu wa huku wanaishangaa kila mwaka kama hawakuzaliwa nayo. Mimi nimeshaizoea, natembea juu yake kama mwenyeji, ingawa Jumanne ilinibwaga mbele ya kituo cha basi na mama mmoja wa Kisomali akaniinua kwa mkono mmoja huku anaongea na simu. Hongera kwa posa. Mwambie mchumba kwamba ana mjomba Kanada mwenye maneno makali.

Pole kwa macho ya Baba. Nimeuliza kwa wataalamu, maana mimi ni mtu wa afya sasa, nikaambiwa kuna miwani ya kukuza herufi. Nitamtumia. Kuna pia mashine ndogo ya kusikilizia vitabu. Nitamtumia na hiyo. Akitaka redio yenye nchi zote, aseme tu.

Kuhusu sanduku, nilishasema tangu mwaka ule. Mchwa. Waliingia Baba akiwa Songea kwenye vikao vya madiwani. Nilifungua nikakuta udongo mtupu. Wewe mwenyewe uliuona ule udongo, Dada, uliufagia.

Ngoja nikuchekeshe kwa habari za mheshimiwa wangu. Alinisimulia kwamba alipogombea ubunge mara ya kwanza, alikuwa akibisha hodi na kabla ya kuomba kura anauliza, "Mna karatasi za zamani humu ndani?" Wapinzani wake walimcheka. Basi akafika kwa mama mmoja fundi cherehani, akamkuta amechukua kitabu cha mashairi kilichoandikwa kwa mkono miaka mia tatu iliyopita, anakikata kurasa kuwa vipimo vya magauni! Shairi moja limekuwa kola. Jingine limekuwa mkono wa kushoto. Mheshimiwa akasahau kura, akapiga magoti sakafuni kuokota vipande. Bado anavyo, nimevishika kwa mikono yangu hii. Shairi zima lina umbo la bega la mwanamke.

Nilimwuliza, "Ulimgombeza yule mama?" Akasema, "Kwa nini? Hakujua kusoma. Alihitaji karatasi ngumu. Anayejua kusoma ndiye wa kugombezwa."

Uji uliungua siku hiyo. Ulikuwa moto mkali, jiko la huku halitabiriki.

Jioni njema huko, huku ni asubuhi.

Januari


Mbinga, 21 Januari 2024

Januari,

Wazima. Mvua imekuja yote kwa mkupuo. Baba alianguka kwenye mtaro wa shamba la juu, hakuvunjika, ila sasa hatoki peke yake. Jicho la kulia linaona dirisha, halioni mtu aliyesimama dirishani.

Barua yako nilimsomea yote. Kwenye yule fundi wa magauni alisema, "Rudia." Nikarudia. Akasema, "Rudia pale pa anayejua kusoma." Nikarudia. Halafu alikwenda kulala mchana, yeye ambaye halali mchana.

Miwani usitume. Redio usitume.

Wiki iliyopita nilitoa mablanketi nikaliosha lile sanduku, nikaliweka juani. Nimeligeuza pande zote. Chini, pembeni, kwenye kifuniko, kwenye maungio. Ni mbao laini ya mpaina, mchwa wanaipenda kuliko ugali. Halina tundu hata moja, Januari. Miaka ishirini na moja nalala chini ya mablanketi yanayotoka humo na sikuwahi kuangalia.

Sikuulizi tena. Nimekwambia nilichoona tu.

Benedicta


Toronto, 14 Aprili 2024

Dada yangu,

Salamu ziwafikie nyote, na unisamehe kwa miezi mitatu ya kunyamaza. Nimeanza barua hii mara sita. Tano zilikuwa nzuri sana, zilichekesha, nikazichana. Hii nimeiandika ndani ya treni ya Pickering na herufi zinaruka, usidhani nimelewa.

Msomee Baba yote. Usiruke.

Hapakuwa na mchwa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nina sinia langu la karanga pale stendi, na mnajua nilivyokuwa nauza, hakuna basi lililoondoka Mbinga bila karanga zangu. Baba alikuwa Songea wiki mbili. Magazeti ya kufungia yakaniishia. Nikafungua sanduku. Nikajiambia, haya ni makaratasi ya wafu, wenyewe hawatayaulizia, nitachukua machache. Siku ya kwanza machache. Kufika Ijumaa ya pili, Dada, Mbinga nzima ilikuwa inakula karanga ndani ya marehemu wake. Nilimfungia Mzee Kasiani karanga kwa wasifu wa kaka yake mwenyewe, akala, akaitupa. Na mimi nilijua kusoma. Nilizisoma, nikazisokota.

Mwisho nilikuwa na karatasi moja mkononi, nimeshaikunja pembe, mteja amenyoosha mkono, nikaona neno "Skolastika". Jina la Mama, kwa mwandiko wa Baba. Nikamwambia mteja, "Kinga mikono," nikammwagia karanga viganjani zikamtoka kati ya vidole. Akanitukana. Hiyo karatasi nikaiweka mfukoni.

Halafu nikaenda kuchota udongo wa kichuguu, nikaumwaga ndani ya sanduku. Nilijiona nina akili kuliko wote. Mbao sikukumbuka. Ndiyo faida ya kuishia kidato cha pili.

Ningesemaje kwamba mchwa walikula mia mbili wakaacha moja? Nikaondoka nayo. Nimeondoka nayo Mbinga, Dar, Nairobi, hadi huku. Imekaa mfuko wa ndani wa koti langu la baridi. Mmeniuliza mara ngapi kwa nini sirudi, nimesema vibali, nimesema kazi, nimesema nauli. Vibali ninavyo tangu Ella hajazaliwa. Nilikuwa nawaza Baba atanipokea mlangoni, atashika koti langu kunivua, na karatasi itachakacha mkononi mwake.

Siku zinazonishinda huku zipo, sikuandikii hizo. Siku hizo naingiza mkono mfukoni. Sifungui. Naigusa tu ile pembe niliyoikunja. Ndicho kitu pekee nilicho nacho chenye harufu ya nyumbani, na harufu yenyewe ni ya karanga.

Sasa kilichonisukuma. Mwezi uliopita Bwana Pugh aliniita, akanionyesha kijitabu kidogo cha ngozi. Majina ya ukoo wa watu fulani, vizazi na vifo, toka zamani mno. Alikiazima kwa mjane mmoja mwaka 1970, akamwambia, "Nitakirudisha Jumapili." Akachaguliwa ubunge. Jumapili ikapita, mjane akafa. Nikamwambia, kwa kumtuliza, "Lakini mheshimiwa, ulikiokoa." Akaniangalia. Akasema, "Nimejisifu hivyo miaka hamsini. Kilikuwa kabatini kwa mwenyewe. Kilihitaji kuokolewa na nini?"

Yule mjane ana mjukuu, bado wanakaa nyumba ile ile. Mheshimiwa akataka kukipeleka posta mwenyewe. Nikamvika makoti mawili na kofia, nikamsukuma kwenye kiti cha magurudumu mpaka dukani penye dirisha la posta. Anwani kaandika yeye mwenyewe. Karani alipokichukua, aliendelea kushikilia ncha ya bahasha. Mimi ndiye niliyefungua vidole vyake, kimoja kimoja, na huku namwambia, "Mwachie mama wa watu, mheshimiwa, foleni ni ndefu." Njiani akaniambia, "Na wewe je? Kila siku unashika koti lako kama lina kidonda."

Nikamwonyesha. Hakuelewa neno hata moja, lakini aliigeuza, akanusa, akaniuliza ule mstari wa chini kabisa unasema nini, nikamwambia ni Baba ameandika ilikotoka na siku. Akasema, "Huyu mwenzangu anajua kazi." Halafu akasema, "Toa kopi. Halisi irudi."

Basi imo humu, kati ya makaratasi mawili magumu. Pembe imekunjika, ni mimi. Doa la mafuta katikati, ni mimi. Kopi nimebandika jikoni. Jana Ella alisimama mbele yake akaisoma kwa sauti, Kiswahili, polepole, kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Alipofika kwenye majina ya watoto akageuka, akaniambia kwa Kiswahili, "Huyu ni wewe."

Sina la kuomba. Koti limekuwa jepesi sana, Dada. Leo nilirudi nyumbani mara mbili nikidhani nimelisahau.

Januari


Mbinga, 9 Juni 2024

Mdogo wangu Januari,

Salamu za huku ni nzima. Kahawa ya mwanzo imeshaanza kuiva, wasichana wamekwenda kuchuma bonde la chini. Pole kwa kazi, na unisalimie mheshimiwa wako. Baba amesema nimwandikie kwamba salamu hizo ni za diwani kwa mbunge.

Bahasha ilifika Jumatano, posta wakampa katekista akaileta. Sikuifungua mpaka Baba aliponawa na kuvaa shati. Alivaa lile la vikaoni.

Nilianza na barua yako, sikuruka. Kwenye Mzee Kasiani alishika goti lake. Nilipofika pa udongo wa kichuguu nilisita. Akasema, "Endelea, hayo nayajua. Siku niliyorudi kutoka Songea niliteremka pale stendi, nikanunua karanga kwa kijana aliyemshikia sinia lake. Nilifungua kifungio nikakuta mwandiko wangu." Nikamwuliza, "Baba, mbona hukusema?" Akasema, "Nilimngoja aseme. Halafu akaondoka."

Miaka yote hii, Januari. Na mimi nilikuwa nafagia udongo.

Nikampa karatasi mkononi. Hakuitazama, hana cha kuitazamia tena, jicho la kulia lilifunga wiki ya Pasaka, sikutaka kukuandikia. Tumechelewa hapo, wewe na mimi, ni lazima ujue. Lakini aliipitisha vidole, kwa sababu enzi zile alikuwa akiandika kwa kugandamiza kalamu kama anachimba. Alifuata mistari kwa nyuma ya karatasi. Alifika kwenye doa akalinusa, akafika kwenye ile pembe, akaikunjua na kuikunja, akaikunjua na kuikunja. Akasema, "Ni yenyewe. Soma."

Nikasoma. Sentensi aliyokuwa akiitafuta ni hii: "Marehemu alikuwa na tabia ya kucheka kabla hujamaliza kusema, ndiyo maana katika nyumba hii hakuna ugomvi uliowahi kufika mwisho." Hapo Baba alicheka, kabla sijamaliza. Kama Mama. Kama wewe. Halafu alilia kidogo, akajifuta kwa mkono wa shati la vikaoni.

Akaniambia, "Rudia pa watoto." Nikarudia: ameacha mume na watoto wawili, Benedicta na Januari. Akasema, "Tena." Nilirudia mara nne.

Baadaye akaagiza kalamu. Unajua hawezi kuacha karatasi iingie ndani bila kuandikwa imetoka wapi. Alinitamkia, mimi nikaandika chini ya maneno yake ya zamani, kwa herufi ndogo ili nafasi itoshe. Nakunakilia kama alivyosema:

"Iliondoka nyumbani 2003, mfukoni mwa Januari. Ilikaa Kanada. Imerudi kwa posta, Juni 2024, ikiwa na doa. Mwenye mfuko bado hajarudi."

Nilitaka kupiga mstari wa kufunga kama anavyofanya siku zote. Akanishika mkono.

"Usifunge," akasema. "Acha nafasi ya tarehe."

Dada yako,
Benedicta